Kushuka Basi Kortrijk: Somo la Kiflemi cha Magharibi kwa Mtu wa Bukavu

Basi limesimama kituoni Kortrijk. Dereva anamwangalia abiria kwenye kioo, anamwuliza: *Moe j' ier nie of?* Tuseme abiria ni mwanafunzi aliyetoka Bukavu, amesoma Kiholanzi cha kitabuni kwa miezi kadhaa na mtihani ameufaulu. Anakisia, na anakisia vizuri, kwamba ameulizwa, "Wewe hushuki hapa?" Kweli hashuki, kituo chake kiko mbele. Anajibu kama angejibu nyumbani: *Ja*, yaani "Ndiyo, sishuki." Dereva anafungua mlango na kungoja. Abiria naye anangoja. Basi zima linangoja.

Hakuna aliyekosea sarufi hapo. Dereva amesema lugha ya kwao, abiria ametamka neno la kwanza ambalo kila kitabu cha Kiholanzi kinafundisha. Tatizo limetokea kwenye ndiyo na hapana, mahali ambapo vitabu vyetu vinapita haraka kwa sababu vinadhani pana wepesi. Nitalirudia, maana ndilo jambo lililonifanya niandike somo hili. Kwanza tujue tunazungumza juu ya lugha gani.

Kati yetu wengi wanajua kwamba Ubelgiji ina Kifaransa na Kiholanzi, na wachache wanaongeza Kijerumani. Kiholanzi chenyewe si kigeni sana katika historia yetu. Sheria ya mwaka 1908 iliyoitwa *Charte coloniale* iliagiza amri za jumla za koloni zitangazwe kwa Kifaransa na kwa Kiflemi, na stempu za zamani zilikuwa na jina la Kongo katika lugha zote mbili. Na mapadre wengi waliofundisha babu zetu kwa Kifaransa walikuwa Waflemi, ambao wao kwa wao walizungumza lugha nyingine kabisa mezani. Lakini Kiholanzi cha stempu na cha kamusi si kile kinachosemwa ndani ya basi huko Kortrijk, Roeselare, Ieper au Veurne. Huko ni mkoa wa Flandria Magharibi, wenye watu zaidi ya milioni 1 na mji mkuu wake Brugge, na watu wake wana Kiflemi chao. Kinatofautiana na Kiholanzi sanifu kiasi kwamba televisheni ya Flandria yenyewe mara nyingi huweka maandishi chini ya picha mtu wa huko anapozungumza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bukavu asijione mjinga. Mtu wa Antwerpen naye anasoma maandishi hayo.

Lugha hii haina tahajia moja. Padre De Bo alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1873, na hadi leo kila mwandishi anaandika jinsi sikio lake linavyomwambia. Nami nimeandika hapa kwa namna ya kumsaidia msomaji wa Kiswahili, na matamshi yanabadilika kidogo kutoka mji hadi mji.

Majina ya vituo

Kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, mwanafunzi wetu ataumizwa na majina. Sisi tumejifunza jiografia ya Ubelgiji kwa Kifaransa: Courtrai, Bruges, Ypres, Furnes, Roulers. Mpaka wa lugha uliwekwa kisheria mwaka 1962, na upande wa Waflemi vituo vinaandikwa kwa Kiholanzi. Courtrai ni Kortrijk. Ypres ni Ieper. Furnes ni Veurne, Roulers ni Roeselare. Hata mji ulio upande wa Wafaransa unabadilishwa jina: Tournai inakuwa Doornik, Mons inakuwa Bergen, Liège inakuwa Luik, Lille ya Ufaransa inakuwa Rijsel. Mtu anaweza kusimama Kortrijk akiitafuta Tournai ubaoni, na treni yake ikaondoka mbele ya macho yake ikiitwa Doornik. Haya yanafaa kukaririwa ndani ya ndege, hayana ujanja wowote.

Ujanja uko katika herufi mbili, G na H. Katika Kiflemi cha Magharibi, G inasikika kama H yetu, na H yenyewe haisikiki kabisa. Gent inakuwa "Hent." Izegem inakuwa "Izehem." Harelbeke inakuwa "Arelbeke." Sasa chukua kijiji cha Gullegem, karibu na Kortrijk. Ukisikia "Hullehem" ukaanza kutafuta kwenye orodha ya vituo chini ya H, hutakipata, na utakachokipata ni Hulste, ambacho ni kijiji kingine. Kanuni ni hii: ukisikia H, tafuta G, ukisikia jina linaanza na vokali, jaribu na H.

Mtu wa Bukavu ana bahati hapa, kwa sababu nusu ya kazi tumeshaifanya utotoni. Sisi pia tunaiacha H. Kitabu kinasema *hapa, huyu, hivi*. Kwenye taksi ya Kadutu tunasema *apa, uyu, ivi*. Mgeni aliyejifunza Kiswahili cha Dar es Salaam akifika Nyawera akasema, "Dereva, naomba kushuka hapa," ataeleweka bila shida. Tabu inaanza anapomsikia jirani yake akisema, "Shofere, uniache apa," halafu dereva, "Njo apa?" Mgeni huyo na mwanafunzi wetu wa Kortrijk wana ugonjwa mmoja. Kila mmoja amejifunza lugha ya kuandikia barua, kisha akapanda basi.

Sauti nyingine nitazitaja upesi. *ij* ya Kiholanzi kwa kawaida inakuwa *i* ndefu: *vrij* (wazi, huru) inasikika "vri," na hapa naiandika *vry*. *ui* inakuwa kama *u* ya Kifaransa: *uit* ni *uut*, *huis* ni "uus." *aa* inaelekea kwenye *o*: *gaat* ni *goat*. *af* inakuwa *of*. Na mwisho wa kitenzi unamezwa: *afstappen*, kushuka, ni *ofstappn*. Ukiyajua haya, sentensi ya dereva inaanza kufunguka. *Moe j' ier nie of?* ni *Moet je hier niet af?* ya kitabuni, neno kwa neno.

Ndiyo yenye mtu ndani yake

Turudi kwenye mlango uliofunguliwa bure. Kiflemi cha Magharibi hakiridhiki na *ja* tupu. Kinaibandika nafsi:

*joak* – ndiyo, mimi
*joaj* au *joag* – ndiyo, wewe
*joan* – ndiyo, yeye (mwanaume, au kitu cha jinsia ya kiume)
*joas* – ndiyo, yeye (mwanamke, au kitu cha jinsia ya kike)
*joat* – ndiyo, hicho au jambo hilo
*joaw* au *joam*, kufuatana na mahali – ndiyo, sisi
*joans* – ndiyo, wao

Hapana inafanya vivyo hivyo: *nink* ni "hapana, mimi," *nint* ni "hapana, jambo hilo." Ukitaka kukazia, unatanguliza *ba*: *ba joak*, "ndiyo bwana, mimi." Mwanaisimu Liliane Haegeman, aliyechapisha mwaka 1992 kitabu juu ya sintaksia ya Kiflemi cha Magharibi akitumia hasa lahaja ya kijiji cha Lapscheure, aliandika baadaye pamoja na Andrew Weir juu ya maneno haya mawili peke yake. Kwa wataalamu wa lugha za Ulaya ni jambo la kushangaza. Je, kwa msemaji wa Kiswahili?

Tazama neno letu *ndiyo*. Limeundwa na *ndi-* na kiambishi *-yo* cha ngeli. Pembeni yake wako ndugu zake: *ndimi, ndiwe, ndiye, ndisi, ndicho, ndilo*. Kiswahili kilimchukua ndugu mmoja, kikamgandisha, kikamfanya jibu la maswali yote. *Siyo* ni hivyo hivyo, pamoja na *simi, siwe, siye*. Hata *hapana* ukiipasua unapata *ha-pa-na*: mahali ambapo hapana kitu. Na *njo* yetu ya Bukavu imeenda mbali zaidi katika kuganda: tunasema *njo mimi, njo weye, njo ile*, na *njo* haibadiliki tena. Waflemi wa Magharibi wamehifadhi uhai pale ambapo sisi tumegandisha. Usichanganye maana, lakini: *ndimi* ni "ni mimi hasa," wakati *joak* ni kukubali jambo lililoulizwa juu yangu. Umbo linafanana, kazi ni nyingine.

Upatanisho wenyewe tunaujua kuliko Mfaransa yeyote. Sikiliza maswali matatu ya kituoni:

*Goat die busse noa Veurne? – Joas.*
*Goat dienen tram noa De Panne? – Joan.*
*Goat da vandoage? – Joat.*

*Busse* ni ya kike, ndiyo maana ya *joas*, *tram* ni ya kiume, *joan*, na la tatu, "Inawezekana leo?", halina jinsia. Kwa Kiswahili tungejibu: linakwenda, inakwenda, inawezekana. Ni kazi ile ile ya ngeli. Mwanafunzi anayejua kwamba basi *linakwenda* na treni *inakwenda* haitaji mtu wa kumweleza kwa nini "ndiyo" ya basi si "ndiyo" ya tramu.

Na mwenye swali akibadilika, nafsi inageuka. *Mag ek ier zittn?* Naweza kukaa hapa? Jibu halitakuwa *joak*, litakuwa *joaj*: unaweza. Nimeona vijitabu vya watalii vinavyotafsiri *joak* kuwa "ndiyo" bila maelezo, na mtu anayesoma hivyo atamruhusu jirani yake kukaa kwa kusema "ndiyo, mimi."

Sasa swali la kukanusha, lile lililofungua mlango. Kwetu, ndiyo inakubali *maneno* ya muulizaji. "Hushuki?" "Ndiyo" maana yake: ulivyosema ni kweli, sishuki. Kiswahili kinafanya hivyo, na Kifaransa chetu cha Bukavu kimeiga, kiasi kwamba mtu anaulizwa *Tu ne descends pas?* naye anajibu *Oui* huku ameketi imara. Kiholanzi na Kiflemi hufuata *tukio*, si maneno. Hushuki? Basi ni hapana, kwa sababu hakuna kushuka: *Nink*. Unashuka, na muulizaji amedhani vibaya? *Ba joak*, kama *si* ya Wafaransa wa Ufaransa. *Ja* tupu baada ya swali la kukanusha inasikika kama mtu anayemsahihisha dereva, ndiyo maana alifungua mlango.

Ningependa walimu wetu wa lugha za kigeni waliweke jambo hili katika somo la kwanza, si katika tanbihi. Mtu akikosea jinsia ya nomino, watu wanatabasamu. Akikosea ndiyo, anashushwa njiani. Na si basi tu: daktari anauliza kama huna mzio wa dawa, ofisa anauliza kama hujawahi kuomba viza. Ukiwa na mashaka, acha *ja* na *nee* zote mbili, useme tendo lenyewe kwa Kiholanzi cha kitabuni: *Ik blijf zitten*, nabaki nimeketi. Hakuna atakayekucheka.

Mimi ninakwenda

Jambo jingine litamfurahisha msemaji wa Kiswahili. Kiflemi cha Magharibi hupenda kutaja mtenda mara mbili. *'k Goan ik noa Brugge.* Ile *'k* ni "mimi" iliyofupishwa na kuegemezwa kwenye kitenzi. Ile *ik* ni "mimi" kamili. Kwetu: *mimi ninakwenda Brugge*. *Ze goat zie noa Kortryk*: yeye anakwenda Kortrijk. Mwalimu wa Amsterdam ataiita rudufu isiyo na maana. Sisi tunaona kiambishi cha nafsi pamoja na kiwakilishi cha kukazia, jambo la kila siku. Mwanafunzi akisikia sentensi hizi haraka haraka anadhani zina maneno mengi kuliko zilivyo. Akizisikiliza kwa sikio la Kiswahili, neno la ziada linapata kazi.

Kukanusha nako kuna vipande viwili katika usemi wa wazee: *'k en goan nie*. Kipande kimoja mbele ya kitenzi, kingine nyuma, kama *ne … pas* ya Kifaransa, na kama *si-end-i* ya kwetu, yenye alama mwanzoni na mwishoni. Vijana wengi huiacha *en*. Isikie, usiitafute.

Maneno ya safarini

Mabasi na tramu za Flandria ni za shirika la De Lijn, lililoanza mwaka 1991. Treni ni za shirika la taifa, NMBS, ambalo sisi tunalijua kwa jina la Kifaransa, SNCB. Hakuna kijana mlangoni anayepiga kelele "Kadutu, Kadutu, moja moja!" Basi linakuja kimya, jina liko mbele juu ya kioo, na usiponyosha mkono linaweza kukupita. Ukitaka kushuka unabonyeza kitufe. Kwa hiyo mtu anaweza kusafiri mwezi mzima bila kusema neno, na hilo ni hatari kwa mwanafunzi wa lugha. Tafuta sababu ya kusema.

Mwanzo mzuri ni *Woar moe'k ofstappn?* – Nishukie wapi? Dereva mwema atajibu *'k goan 't joe zeggn*, nitakuambia, na hapo ukae karibu naye. *Oe loate komt de busse?* – Basi linakuja saa ngapi? Jibu linaweza kuwa *sebiet*, punde hivi. Neno hilo limetoka kwenye Kifaransa *subit*, nawe usilichukulie kama ahadi ya kisheria. *Wacht e ki* ni "hebu ngoja," na *kyk e ki* ni "hebu tazama". *E ki* ni "mara moja" kwa maana yake ya asili, lakini kazi yake ni ile ya *hebu*. Hukusikia? Usiseme *Wuk?*, ambayo ni "nini?" ya ghafla kati ya watu wanaozoeana. Sema *Wablief?* Kushukuru ni *merci*, kuaga ni *saluu*, baiskeli ni *velo*, kituo cha treni wazee wanakiita *stoatie*. Hapo Kifaransa chetu kinalipa nauli.

Kuhusu heshima: kitabu kinafundisha *u* kwa mkubwa na *jij* kwa rafiki. Mzee wa Flandria Magharibi atakuita *gie*, na mjukuu wake atamwita yeye *gie*. Hajakudharau. Wewe endelea na *u* yako. Inapokelewa vizuri kwa mgeni.

Kwa anayetaka mazoezi marefu, kuna tramu ya pwani, kutoka Knokke hadi De Panne, karibu kilomita 67, zaidi ya saa mbili njiani. Sehemu yake ya kwanza, kati ya Oostende na Nieuwpoort, ilianza mwaka 1885. Inapita mji baada ya mji, na bibi wanaopanda na vikapu vyao huzungumza wenyewe kwa wenyewe bila kumwonea haya mgeni. Ni darasa la bei ya tiketi moja. Kaa nyuma yao, hesabu *joak* na *joas*, na kila mara jiulize nani yuko ndani ya hiyo ndiyo.

Je, mwanafunzi aseme Kiflemi cha Magharibi? Maoni yangu ni kwamba asikie chote na aseme kidogo. Watu wenyewe wakimwona mgeni watajisogeza kuelekea Kiholanzi sanifu, na wao wanaelewa kila atakachosema. *Joak*, *nink* na *ba joak* zinastahili kusemwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu zinaondoa utata ambao *ja* yetu inauleta. Mengine yatakuja yenyewe, kama *apa* ilivyotujia.

Zoezi

Uko ndani ya basi linaloelekea Gullegem, nako ndiko unakokwenda. Dada yako amekaa nawe, naye anakwenda huko huko. Jibu kwa neno moja au mawili, kisha utafsiri jibu lako kwa Kiswahili sanifu na kwa Kiswahili cha Bukavu.

1. *Goa j' gie noa Gullegem?*
2. *Goa j' gie nie noa Gullegem?*
3. *Goat je zuster nie noa Gullegem?*
4. Bibi mmoja anakuuliza: *Mag ek ier zittn?* Kiti ni wazi.
5. Dereva amesimama Heule, kabla ya kituo chako: *Moe j' ier nie of?*